Siku Niliposogeza Kijiti cha Moto

Gari alilolitunza baba halikuwa lake. Lilikuwa la tajiri mmoja mwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Shinyanga, Mhindi mrefu, mpole, aliyekuwa akivaa kofia nyeusi hata wakati wa joto. Baba alikuwa dereva wake na fundi wake tangu mimi sijazaliwa. Alijifunza magari katika vita vya kwanza. Alichukuliwa kama mpagazi wa kubeba mizigo ya jeshi, akarudi anajua kuendesha na kufungua injini, na sidhani kama kuna jambo jingine maishani mwake lililompa furaha kama hilo.

Lilikuwa gari la kijani kilichokolea, na paa la turubai. Magurudumu yake yalikuwa na spoku za mbao. Mbele lilikuwa na taa mbili za shaba ambazo baba alizisugua kwa majivu na ndimu kila Jumamosi mpaka ukijitazama unajiona uso umevimba kama boga. Honi yake ilikuwa ya mpira wa kuminya, na ilipolia ng'ombe wote wa njiani waliinua vichwa, maana ilifanana na ndama anayemwita mama yake.

Halikuwa na kitufe cha kuwashia. Liliwashwa kwa hendeli ya chuma iliyochomekwa mbele, chini ya rejeta, na mtu akaizungusha kwa nguvu. Kabla ya kuizungusha kulikuwa na jambo moja la kuangalia. Chini ya usukani vilitokeza vijiti viwili vyembamba, kimoja kila upande, kama masharubu. Cha kulia kilikuwa cha mafuta. Cha kushoto baba alikiita kijiti cha moto, kwa sababu ndicho kilichoamua cheche iwake lini ndani ya injini. Kikiwa juu, cheche inachelewa kidogo na hendeli inazunguka kwa utii. Kikiwa chini, cheche inawahi, na injini inairudisha hendeli nyuma kama teke la punda. Kwa hiyo wakati wa kuwasha lazima kiwe juu. Gari likishanguruma, ndipo unakiteremsha taratibu.

Baba alikuwa na utaratibu wake, alioutoa jeshini. Yeyote aliyegusa vijiti vile lazima aseme kwa sauti, "Nimegusa." Na kabla ya kuinama kwenye hendeli, baba aliuliza kwa sauti ya gwaride, "Nani kagusa?" Kisha alisubiri. Ukijibu, aliacha hendeli, akaenda kutazama kijiti mwenyewe, akasema, "Nimesikia." Ukinyamaza, alizungusha. Hakuwahi kumkaripia mtu kwa kugusa. Alinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi. Mara nyingi niligusa kwa makusudi ili tu nimsikie akisema amesikia.

Naandika haya nikiwa mzee kuliko yeye alivyowahi kuwa. Nimeyaacha muda mrefu, na wala si kwa sababu niliyasahau.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini tajiri alinunua gari jipya, la kuwashwa kwa ufunguo, na akaajiri kijana wa kuliendesha. Lile la kijani aliamua kuliuza. Baba alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na ghafla watu wakaanza kumwambia kwamba amezeeka. Yule kijana alimwambia waziwazi, kwa utani ambao haukuwa utani, "Mzee, wewe na hilo gari mtapumzika siku moja."

Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyekaa Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, aliyependa magari ya zamani. Alikuwa nayo mawili, na hakuwa na mtu wa kuyaangalia. Alikuja kiwandani, akalizunguka lile la kijani mara tatu, akainama, akanusa injini. Akamuuliza baba maswali kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Mwisho akamwambia, "Mwezi wa saba kuna maonyesho. Nitaliona uwanjani, mbele ya watu. Likiwaka kwa mkono wako na kwenda vizuri, nalichukua. Na wewe nakuchukua."

Baba alirudi nyumbani Ngokolo jioni ile akitembea haraka kuliko kawaida. Alimweleza mama kwamba Mwadui mafundi wanapewa nyumba za matofali, na bomba la maji liko karibu na mlango. Wiki hiyo nilimwona mama akitenga vyungu vya kwenda navyo na vya kumwachia dada yake. Tulijua sote watatu kwamba gari lisipowaka siku ile, baba hana kazi nyingine ya kwenda. Hakuna aliyehitaji kulisema.

Mimi wakati huo nilikuwa karani katika kiwanda kilekile. Nilikuwa na miezi minne tu kazini, baada ya kumaliza sekondari Tabora. Tajiri alinipokea kwa heshima ya baba. Nilivaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, niliweka kalamu mfukoni, na Kisukuma, lugha yangu ya nyumbani, nilikuwa nimeanza kukiongea kidogo kidogo tu, kama mtu anayetafuta maneno. Nayataja haya kwa kuwa yanahusika.

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya pamba na mifugo, kama miaka mingine, wakati wa kiangazi baada ya mavuno. Jipya mwaka ule lilikuwa safu ya magari ya zamani. Wazungu na matajiri wa Kihindi walikubaliana kuyaleta uwanjani, yawashwe moja moja, yazunguke mbele ya watu, na lililotunzwa vizuri lipewe kikombe.

Tulitoka nyumbani jua linachomoza. Mama alikuwa ametufungia kikapu. Ndani aliweka matobolwa, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani mpaka vikawa vigumu na vitamu kama peremende, na karanga za kukaanga, na kibuyu cha maziwa mgando. Alikifunika kwa kitambaa chake cha kwendea kanisani.

"Mle nyote wawili," alisema. "Baba yako akiwa na hilo gari anasahau tumbo."

Baba alikiweka kikapu kwenye kiti cha mbele, pale anapokaa mwenye gari, akakitazama, akacheka. "Leo tajiri ni huyu," alisema.

Sijawahi kuona tena magari kama niliyoyaona siku ile. Lilikuwapo lori la Mwarabu wa duka la nafaka, lenye magurudumu ya mpira mgumu usio na upepo ndani, ambalo watu walisema lilisikika Tinde likiwa bado Nzega. Kulikuwa na gari dogo la mapadri, jeusi, jembamba, lililokaa kama mtu aliyekunja mikono. Kulikuwa na pikipiki yenye kitoroli cha abiria ubavuni, na mzee mmoja wa Kizungu alimpakia humo mbwa wake. Magari mawili ya yule Mzungu wa Mwadui yalikuwa yamepakwa rangi upya, lakini baba aliyasikiliza yalipofika, akaniambia kwa sauti ya chini, "Yana kikohozi. La pili linakunywa oili." Nilijua kwamba tayari alikuwa anayatibu.

Wakulima waliotoka vijijini walikuja na mafuta ya ng'ombe yakiwaka usoni, na wake zao na watoto. Wengi hawakujali ng'ombe wa maonyesho, maana ng'ombe wanao. Walisimama penye magari. Bibi kizee mmoja aligusa taa ya shaba ya gari letu kwa kidole, akajiona, akaruka nyuma. Baba akamwambia kwa Kisukuma, "Usiogope mama, ni wewe mwenyewe." Akajibu, "Ndiyo maana nimeogopa." Watu wakacheka, na baba akacheka mpaka akafuta macho.

Na chakula. Harufu ilianza kutufikia kabla ya saa tatu. Upande mmoja vijana walikuwa wamechoma mbuzi mzimamzima juu ya makaa ya mkwaju. Wanawake wa Kihindi walikuwa na hema lao, na humo kulikuwa na sambusa, kachori, na chai ya maziwa yenye tangawizi iliyokata koo. Wazungu walikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na keki, ambako hatukwenda. Karibu kabisa na safu ya magari alikaa mama mmoja Mzaramo, mke wa mfanyakazi wa reli, akikaanga vitumbua. Wazaramo na Wasukuma ni watani, kwa hiyo tangu tufike yeye na baba hawakunyamaza.

"Msukuma, njoo ule chakula cha watu," alimwita. "Au unaogopa kitu kisichotafunwa mpaka taya liume?"

"Vitumbua vyako vimejaa hewa, mtani," baba alijibu. "Nikila kumi nitapaa."

"Paa basi, ukaanguke pwani. Watakuogesha huko. Tangu uzaliwe hujaona maji yakizidi ndoo."

"Nikifa nitakuachia ndoo yangu."

"Ukifa nitakuja kukucheka. Hiyo ni haki yangu, hawezi kuninyima mtu."

Baba hakula kitu. Alisema atakula gari likishazunguka. Aliosha vioo, akafuta vumbi, akapandisha kijiti cha moto juu, akakaza breki. Kisha Mzungu wa Mwadui alimwita akayasikilize magari yake. Baba alifurahi. Akaniambia, "Kaa hapa. Kijiti kiko juu. Asiguse mtu."

"Sawa baba," nikasema.

Hata robo saa haikupita wakaja rafiki zangu wawili, mmoja karani wa boma na mwingine wa stesheni. Niliwaona kwa mbali, kaptula zao nyeupe zikimeta katikati ya lile vumbi. Nilipowaona nikakumbuka kikapu. Kilikuwa kiti cha mbele, mahali pa tajiri, kibuyu kimechomoza shingo, na kitambaa kimeteleza matobolwa yanaonekana. Siku chache nyuma tulikuwa tumemcheka mwenzetu mmoja kwa kuleta kazini kiporo cha ugali wa mtama. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Nikaingia upande wa dereva, nikajinyoosha, nikakivuta kikapu, nikakisukuma sakafuni chini ya usukani, karibu na pedali, nikakifunika kwa koti la baba. Nilipoinuka nilishika usukani kujivuta. Kiwiko changu kikagonga kijiti cha kushoto. Nilisikia mlio wake mdogo wa meno ya chuma, trrr, kikiteremka.

Nilisikia. Nataka jambo hili lieleweke. Miaka mingi nilijiambia kwamba sikuwa na hakika, kwamba huenda nilikigusa tu. Nilikuwa na hakika. Mkono wangu ulikwenda kukirudisha, na wakati huohuo karani wa stesheni akasema, "Aa, bwana mkubwa, sasa umekuwa na gari?" Nikauondoa mkono, nikaegemea mlango kama mtu mwenye gari, nikacheka.

Walikuja na sambusa zimefungwa kwenye gazeti. Walinipa tatu. Zilikuwa za dengu, na pilipili mbichi na kitunguu, na bado zilikuwa za moto kiasi cha kuunguza ulimi. Sijui kama nimewahi kula kitu kitamu kama kile. Nilikula huku nikiwaeleza habari za lile gari, injini yake, nguvu zake, maneno yote yakiwa ya baba, lakini nikiyasema kama vile nimeyasoma Tabora. Kijiti nilikuwa nimekiweka akilini, pembeni kidogo. Nilisema moyoni kwamba wakiondoka nitakirudisha.

Hawakuondoka. Filimbi ilipulizwa, na mtu mwenye kipaza sauti cha bati akaita gari la kijani. Baba alikuja karibu akikimbia, Mzungu wa Mwadui nyuma yake, na tajiri, na watu wengi. Baba alikuwa na tabasamu la mtu mwenye siku yake. Alipita moja kwa moja mbele ya gari, maana kijiti alikuwa amekiweka mwenyewe na mlinzi alikuwa mwanawe. Akaichomeka hendeli. Akasimama wima. Akaita, "Nani kagusa?"

Karani wa boma alinigusa begani, akasema, "Mzee anadhani bado yuko vitani." Yule mwingine akapasuka kwa kicheko.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa sambusa. Ningeweza kuimeza. Ningeweza kuitema. Hata kunyoosha mkono kungetosha, baba angeelewa. Lakini kujibu kwa sauti, "Nimegusa," kama nilivyokuwa nikijibu nikiwa na miaka kumi, mbele ya wale wawili, niliona haya. Nikajiambia kijiti hakikuteremka sana. Nikatafuna.

Baba alisubiri kama kawaida yake. Alinitazama kwa muda wa kawaida, bila kuongeza. Kisha akainama.

Sikuona hendeli ikirudi. Nilisikia mlipuko mmoja mfupi na sauti nyingine ndani yake, kama kijiti kikavu kinapovunjwa gotini. Baba alikaa chini vumbini. Hakupiga kelele. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda katikati ya kiwiko na kifundo, mahali ambapo mkono haupindi.

Yule Mzaramo aliacha karai lake likiungua, akaja mbio, akachana khanga yake akaufunga ule mkono shingoni mwa baba. Hakutania. Mara moja tu alinyanyua uso akanitazama. Nilikuwa bado nimeshika sambusa ya tatu.

Dereva kijana wa tajiri akaingia kwenye gari, akatazama chini ya usukani. "Kijiti kiko chini kabisa," akasema. "Mzee amesahau kukipandisha."

Neno hilo lilipita kwa watu upesi. Mzee amesahau. Wengine walilisema kwa huruma. Tajiri alichuchumaa mbele ya baba, akamuuliza taratibu, "Umesahau, mzee?"

Baba alinitazama. Nimejaribu kuandika namna alivyonitazama, nikafuta, nikaandika tena, na sasa nauacha mtazamo ule kama ulivyo. Kisha akamtazama tajiri, ambaye alikuwa tajiri wangu pia, na mimi nikiwa na miezi minne kazini.

"Nimesahau, bwana," akasema.

Sikusema neno.

Kijana alikipandisha kijiti, akazungusha hendeli mara moja, gari likawaka. Lilizunguka uwanja mzima na watu wakapiga makofi, na honi ikalia kama ndama. Lilikwenda vizuri kabisa. Baba alilitazama mpaka lilipokamilisha mzunguko, ndipo akakubali kupelekwa hospitali. Mzungu wa Mwadui alimpa pole kwa moyo mweupe, akamshika bega. Lakini fundi anayesahau kijiti cha moto hawezi kupewa magari matatu, na hata mimi ningekuwa yeye nisingempa. Alilichukua gari. Kuhusu baba hakusema tena.

Hospitali walimfunga hogo la plasta kutoka kiwikoni mpaka vidoleni, wakafanya kazi yao vizuri. Ila mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili, na hogo lilipokatwa vidole havikurudi kama zamani. Aliweza kushika mwiko, hakuweza kushika spana.

Kikapu kililetwa nyumbani na yule kijana dereva jioni ileile. Mama alikipokea mlangoni, akafunua kitambaa, akaona hakijaguswa.

"Kilikuwa wapi?" aliuliza.

"Chini ya usukani, mama, kwenye pedali. Kimefunikwa koti."

Mama aligeuka polepole. "Nani aliyekiweka chini ya usukani?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Baba alikuwa amelala kitandani, mkono juu ya mto, na sauti yake ilitoka ndani bila haraka.

"Mimi."

Mama alimimina maziwa kwenye bakuli, akampelekea. Alikunywa kwa mkono wa kushoto, akajimwagia kidogo kifuani. Mimi niliambiwa nile matobolwa. Nikala. Sikuweza kukataa, kwa kuwa ningeulizwa kwa nini sina njaa.

Vyungu mama alivirudisha mahali pake kimoja kimoja.

Miaka iliyofuata baba alikaa pale Ngokolo. Alifuga kuku. Watu wenye magari walikuja wakati mwingine kumuuliza, akawaeleza la kufanya akiwa amekaa kwenye kigoda, akielekeza kwa kidevu. Kila aliyekuja mara ya kwanza alisikia kutoka kwa mwingine, "Huyu ndiye yule mzee aliyesahau." Nami nilipandishwa kazi. Nilioa. Nilimletea sukari, sabuni na blanketi. Alipokea kila kitu, akasema, "Wabeja, ng'wanone," asante mwanangu. Hakuna siku aliyonitupia jicho la lawama. Kama angefanya hivyo mara moja, nadhani ningeanguka miguuni pake. Au nadanganya tena.

Mara moja tu alinifungulia mlango wa kusema. Ilikuwa mchana wa Jumapili, mwaka ule wa mwisho wake, tumekaa wawili tukimenya karanga. Yeye alikuwa akizivunja kwa meno, kwa kuwa vidole havikuweza. Bila kunitazama akauliza, "Siku ile ya magari. Zile sambusa zilikuwa za nini?"

"Za dengu, baba."

"Sikuwahi kuzionja za pale. Zilikuwa nzuri?"

"Nzuri."

Alikuwa anasubiri. Nilimjua baba akisubiri, nilimwona hivyo tangu utoto, wima mbele ya gari, mkono kwenye hendeli. Nilitazama karanga zangu. Nikasema, "Naona mvua itawahi mwaka huu." Akasema, "Huenda." Tukaendelea kumenya.

Alikufa kabla ya mvua hizo kukoma.

Siku ya mazishi, katekista aliposali na jeneza likanyanyuliwa, yule Mzaramo alijitokeza njiani akalizuia. Alikuwa amezeeka kidogo na kunenepa. Alikuwa amefunga turubai kuukuu kiunoni kama ovaroli, na uso amejipaka masizi. Wafiwa waligeuza nyuso kuficha vicheko, kwa sababu ndivyo watani wanavyofanya kwetu. Huja msibani kumwigiza marehemu ili walio hai wapumue, na hakuna wa kuwakasirikia.

"Msukuma aliniahidi ndoo," akasema. "Haendi mtu bila ndoo yangu."

Watu wakacheka. Akaanza kumwiga baba. Alitembea kama yeye, akasugua taa zisizokuwapo, akajiona uso, akaruka nyuma. Akanusa injini. Alimpata sawasawa mpaka mama akatabasamu akiwa na machozi. Kisha akainama mbele ya jeneza, akachomeka hendeli ya hewani. Akasimama wima. Sauti yake ikawa nzito, ya gwaride.

"Nani kagusa?"

Kicheko kilipita kwa watu wote, maana kila mtu alikumbuka. Yeye hakucheka. Alisubiri. Aliwatazama watu, akaanza upande wa wanawake, akaja upande wa wanaume, mpaka macho yake yakafika kwangu, yakakaa hapo. Karai lake la vitumbua lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye gari siku ile. Aliona kila kitu na hakuwahi kumwambia mtu.

"Nani kagusa?" akarudia.

"Nimegusa," nikasema.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Na watu wakacheka zaidi, wakapiga makofi. Walidhani nimeingia kwenye utani, mtoto anamsindikiza baba yake kwa mchezo wao wa zamani. Mjomba wangu alinipiga mgongoni, akasema, "Vizuri, vizuri, angefurahi." Nikataka kurudia, kueleza, lakini jeneza lilikuwa limeshaanza kwenda, na yule Mzaramo alikuwa amesogea pembeni akifuta masizi kwa ncha ya khanga. Alipopita karibu nami hakusema kitu. Kusema "Nimesikia" halikuwa jukumu lake.

Mama peke yake hakucheka. Usiku ule wa matanga hakuniuliza neno, wala kesho yake. Siku ya nne, wageni walipotawanyika, nilimkuta jikoni ameweka sahani ya matobolwa na karanga, na kibuyu cha maziwa.

"Kula," akaniambia. "Kile kikapu nilikijua siku ileile. Baba yako hakuwahi kuweka chakula chini miguuni pake."

"Mama, kwa nini hukuniuliza?"

Alivuta kigoda, akakaa kunitazama, mikono magotini.

"Nilimuuliza yeye," alisema. "Nikamwambia, mwambie mtoto unajua, ujiondolee mzigo. Akakataa. Akasema mtoto atakuja kusema mwenyewe, tumsubiri."

Nikala. Alikaa pale mpaka nikamaliza, kisha akachukua sahani akaiosha.